Hapana ya Shangazi Taraivini

Sereima alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, na hata hicho alikipata kwa jasho. Ofisini kwao, juu ya duka la vitambaa katikati ya Suva, mji mkuu wa Fiji, watu wanne waliandika programu za kompyuta, na yeye ndiye aliyewaachisha tabia ya kuandika kila kitu mara mbili.

Zamani walikuwa wakifanya hivi. Fomu ikitumwa kutoka kwenye simu ya mtu, ilikuta masharti mlangoni mwa seva: jina liwe maneno, umri uwe namba, tarehe iwe tarehe. Isiyotimiza ilirudishwa ilikotoka. Kisha, kwa ajili ya sehemu nyingine zote za programu, mtu aliketi akaandika tena kwa mkono wake maelezo yaleyale, kwamba fomu ikishaingia ndani itakuwa na jina, umri na tarehe. Leo mmoja anabadilisha ya mlangoni, anasahau ya ndani, kesho mambo yanaharibika na ofisi nzima inamtafuta mchawi.

Sereima akaja na mtindo mpya. Unaandika masharti ya mlangoni tu, basi. Kompyuta inayasoma na kung'amua yenyewe umbo la kila kitakachopita pale. Ukisema umri ni namba, kila kona ya programu inajua kuwa umri ni namba. Ukisema namba ya simu si lazima, kila kona inaonywa kwamba huenda simu haipo, na anayesahau anapigiwa mstari mwekundu chini ya kosa lake kabla hajainuka kitini. Sereima aliuhubiri mtindo huo asubuhi, mchana na wakati wa chai, mpaka Avinesh, mwenye ofisi, akamwomba kwa heshima zote awaache wale maandazi yao kwa amani.

Kazi iliyomvimbisha kichwa zaidi ilikuwa mfumo wa safari za wagonjwa. Watu wa kisiwa cha Kadavu wanaohitaji daktari bingwa huja Suva kwa meli, safari ya usiku kucha, na kabla ya mfumo huo majina yao yalikusanywa kwenye karatasi zilizofika zimelowa. Sasa mtu anajaza fomu kwenye simu, orodha inajipanga, na kila Jumatano saa kumi jioni inakwenda kwa wakala wa meli. Meli ina vitanda vinane vya ndani, karibu na muuguzi na mtungi wa oksijeni. Wengine wote hukaa sitahani kwenye mabenchi, chini ya turubai, wakila upepo na maji ya chumvi hadi asubuhi. Ndiyo maana fomu ina swali: je, msafiri anahitaji msaada njiani? Anayejibu ndiyo hupewa kitanda.

Jumamosi hii alikuwa anakuja Shangazi Taraivini. Huyu ndiye aliyemlea Sereima tangu mama yake alipofariki, akamsukia mikeka ya kwenda nayo bweni, akamchapa na kumbembeleza kwa zamu. Sasa moyo ulikuwa unamsumbua, na madaktari bingwa wa moyo kutoka ng'ambo hufika Suva mara moja tu kwa mwaka, wakakaa wiki moja, wakaondoka. Sereima alikuwa roho juu kuhusu safari hiyo mpaka siku fomu ya shangazi ilipoingia kwenye mfumo. Aliichungulia, ingawa hakupaswa. Anahitaji msaada njiani? Hapana. Akashusha pumzi. Kama shangazi mwenyewe kasema hapana, basi hali si mbaya kiasi hicho. Kwa wiki mbili alilala usingizi mzuri kwa sababu ya neno hilo moja.

Jumanne asubuhi simu ya ofisi ililia. Alikuwa Sista Kelera, muuguzi wa zahanati moja ya Kadavu, mwanamke ambaye hata akisema siri inasikika chumba cha pili.

"Wewe ndiye uliyetengeneza hiyo fomu yenu?"

"Ndiye mimi, Sista. Bula. Habari za huko?"

"Bula baadaye. Mzee Inoke unamjua? Yule anayehubiri kanisani kwetu. Miguu yake haimbebi tangu mwaka juzi. Juma la juzi mmemweka sitahani! Kanyeshewa mpaka mifupa. Alipotaka kwenda haja, ikabidi mabaharia wawili wamnyanyue mbele za watu kama gunia la magimbi. Karudi kijijini, hasemi na mtu, hata kanisani hakwenda."

"Pole sana, Sista, kwa kweli pole. Lakini..." Sereima alikuwa ameshafungua orodha ya juma lile. "Hapa kwetu inaonyesha alijibu hapana."

"Hakujibu hapana."

"Inaonyesha hivyo, Sista."

"We mtoto, fomu nimejaza mimi! Kwa kidole changu hiki. Tulipofika kwenye hilo swali, mzee akatazama dirishani. Nikaliacha wazi. Nikasema moyoni, huko mjini kuna watu wazima, wataona pako wazi, watanipigia waniulize pembeni. Sasa nani kamjibia?"

Sereima aliahidi kufuatilia, akaweka simu chini, akafungua masharti ya mlangoni. Aliyaandika yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji kutafuta sana. Swali la msaada lilikuwa katikati, na pembeni yake kulikuwa na maneno machache sana, yasiyozidi upana wa vidole viwili: likiachwa tupu, weka hapana.

Akakumbuka vizuri siku aliyoyaandika. Ilikuwa Ijumaa, mchana, na Avinesh alikuwa akileta wageni wa serikali kuuona mfumo. Swali lile halikuwa la lazima, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inaonya kila mahali lilipotumika: huenda jibu halipo, utafanyaje? Mistari myekundu thelathini na mmoja. Na yeye ndiye aliyekuwa ameapa kwamba kwa mtindo wake mistari myekundu itakuwa hadithi. Wageni wakiwa wanapanda ngazi, akaongeza maneno yale. Kompyuta ikang'amua papo hapo kwamba jibu lipo siku zote, ama ndiyo ama hapana, na wekundu wote ukafutika. "Umeona?" alimnong'oneza Avinesh. "Inajielewa yenyewe." Wageni walipiga makofi.

Kompyuta haikuwa na kosa. Iliambiwa kila mtu amejibu, ikasadiki, ikawatangazia wote ndani ya nyumba. Kosa lilikuwa la Sereima, na linauma zaidi kwa sababu yeye si mtu wa kuja. Angeliandika mgeni, tungesema hajui. Huyu kazaliwa Kadavu, kakulia Kadavu, anajua fika kwamba kwao mtu mzima haombi msaada kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu asiowajua. Ananyamaza. Anatazama pembeni, anaanza habari nyingine, na mwenye adabu anaelewa kwamba hapo pana jambo, anakwenda kuuliza kwa njia ya mzunguko. Sereima alijua yote hayo tangu utotoni, na siku ya wageni aliyaweka kando ili skrini yake isiwe na wekundu.

Alikuwa bado anajilaumu kwa ajili ya Mzee Inoke wakati wazo la pili lilipomfikia, na hilo lilimfanya ashike meza. Hapana ya Shangazi Taraivini. Ile iliyomlaza usingizi wiki mbili. Haikujulikana tena kama ilitoka kwa shangazi au kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu kwenye ghala la majibu hapana zote zilifanana, za waliozisema na za walionyamaza.

"Kaka Avi," aliita. "Njoo uone uchafu wangu."

Avinesh alikuja na kikombe chake. Ni mtu mpole, mnene kidogo, baba wa mabinti watatu, na ndiyo maana hashtuki upesi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasoma yale maneno mafupi, akakuna kidevu.

"Ijumaa hii meli inapakia wangapi?"

"Ishirini na saba. Watano wamesema ndiyo. Ishirini na wawili hapana, na katika hao sijui yupi kasema kweli na yupi nimemsemea mimi. Shangazi yangu yumo."

"Vitanda vimebaki vitatu, basi." Avinesh aliweka kikombe chini. "Dada, nikwambie kama ndugu. Mbadilishie shangazi yako sasa hivi. Ni neno moja. Haya mengine tutayatengeneza wiki ijayo kwa kutulia. Hakuna atakayekulaumu, mimi mwenyewe ningefanya hivyo kwa mama yangu."

Alisema kwa wema, na alikuwa anamaanisha. Akarudi mezani kwake ili asimsimamie.

Sereima alifungua mstari wa shangazi. Akafuta hapana, akaandika ndiyo. Mfumo ukapokea bila swali, ukampa kitanda namba sita. Alikaa akikiangalia kile kitanda. Alikitaka, Mungu ndiye shahidi, alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka kwenye skrini. Kisha akamwona yule mzee mhubiri akinyanyuliwa na mabaharia, na akajua kwamba kwenye orodha ile huenda kuna akina Mzee Inoke wengine, nao hawana mpwa ofisini. Tena neno hilo, ndiyo, nalo alilitunga yeye, kama alivyoitunga hapana. Akalifuta.

Akarudi mlangoni, akayatoa yale maneno mafupi. Mahali pake akaweka sharti jipya: jibu liwe ndiyo, au hapana, au hajaulizwa. Akaweka na sharti kwamba ndiyo na hapana zote ziwe na jina la aliyetoa jibu.

Skrini ikawaka. Mistari myekundu thelathini na mmoja ilirudi yote, kama wadai wa heshima yake, na safari hii hakuizima. Aliifuata mmoja mmoja. Hapa ni pale vitanda vinapogawiwa: hajaulizwa apewe kitanda au asipewe? Hapa ni karatasi ya muuguzi wa meli: aandikiwe nini? Hapa ni ripoti ya kila mwezi waliyoipa serikali, ile iliyosema kwa fahari kwamba wasafiri wengi mno hawahitaji msaada wowote. Kila mstari ulikuwa unamuuliza swali ambalo ofisi nzima ilipaswa kuliuliza tangu mwanzo. Kwa mtindo wa zamani wa kuandika mara mbili, angebadilisha mlangoni na huko ndani kusingetikisika unyasi. Sasa neno moja lilikuwa limewaamsha wote. Hilo lilimfariji kidogo.

Ilipofika jioni wekundu ulikuwa umekwisha, na wasafiri ishirini na wawili walikuwa wamesimama kwenye orodha na alama ya hajaulizwa. Kilichobaki hakikuwa cha kompyuta. Kesho yake, kabla ya saa kumi, ilibidi waulizwe.

Jumatano alianza kupiga simu mapema, na wa kwanza alikuwa shangazi.

"Shangazi, ni mimi. Nimekupigia kwa mambo ya kazi."

"Kazi? Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa, shangazi. Nakuuliza swali moja tu. Kwenye meli, utahitaji msaada? Kitanda, muuguzi, kitu kama hicho?"

"Mimi? Hapana, mwanangu. Nitakaa na wenzangu sitahani tuimbe. Wape wagonjwa hivyo vitanda."

"Una hakika?"

"Wewe umekuwa polisi? Nimesema hapana. Kula vizuri, sauti yako imekonda."

Sereima akaandika: hapana, amejibu mwenyewe, Taraivini. Sharti lilitimia, kompyuta ikaridhika, na yeye akataka sana kuridhika. Akaendelea. Aliyefuata akasema hapana. Na aliyemfuatia. Mwanamke mmoja alimshukuru kwa kumjali kisha akasema hapana. Walipofika tisa, wote hapana, moyo ulianza kumrudi mahali pake. Kumbe pengine hakuwa amemdhulumu mtu ila Mzee Inoke peke yake. Akampigia Sista Kelera kumpa habari njema.

"Tisa nimewauliza, Sista. Wote tisa wamesema hapana kwa midomo yao."

Sista Kelera akacheka kicheko kisicho na furaha hata punje.

"Umewauliza wao?"

"Ndiyo. Wenyewe."

"Wenyewe! Sereima, wewe ulizaliwa huku au ulitoka kwenye hiyo mashine? Umempigia mtu mzima simu kutoka Suva, wajukuu wamemzunguka wanasikiliza, unamwambia, mzee, hujiwezi? Ulitaka akujibu nini? Hata mimi nikiwa nakata roho ningekwambia sina neno!"

"Sasa nifanyeje, Sista? Saa sita imeshapita."

"Uliza anayemchotea maji. Uliza anayemfulia. Mtu wa nyumbani, tena akiwa peke yake. Nitajie majina, wa upande wangu nawauliza mimi, nawe uliza wa kwenu. Haraka!"

Simu ikakatwa. Sereima aliona uso umepata moto. Mara ya kwanza alijaza hapana kwa maneno mafupi, na mara ya pili amezichuma mwenyewe, moja moja, kwa adabu zote, na kompyuta imezipokea kwa sababu zilikuwa na umbo sahihi. Akazirudisha zote tisa kuwa hajaulizwa. Kisha akampigia Apisai, mtoto wa Shangazi Taraivini. Huyu alikuwa binamu yake wa upande wa shangazi, na kwa Kadavu binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini, hamna ruhusa ya kusalimiana kama watu.

"Mtani! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, we mwizi wa mihogo. Mama yuko karibu?"

"Yuko barazani na akina mama, wanasuka. Vipi, umepata mchumba mwishowe? Mwambie aje na kofia ya chuma, ukoo wenu mnarusha vyungu."

"Apisai, leo sitaki. Nijibu kitu. Mama yako anahitaji msaada njiani?"

"Si umemuuliza asubuhi? Kaniambia."

"Alisema hapana."

"Basi kama kasema hapana..."

"Nakuuliza wewe."

Apisai alisikika akitembea, mlango ukafungwa, na aliposema tena utani ulikuwa umemtoka wote.

"Seri, mama halali kitandani tangu mwezi wa tano. Akijinyoosha pumzi zinamwisha. Namwekea mito ukutani, anakaa hivyo hivyo mpaka kunakucha. Kutoka jikoni mpaka mlangoni anapumzika mara mbili, akikuta mtu anajifanya anatazama maua. Kanikataza nisikwambie. Anasema utaacha kazi uje huku."

Sereima alifunika mdomo kwa kiganja.

"Na fomu ilikuwaje?"

"Nilijaza mimi kwa simu yangu, yeye kakaa ubavuni. Tulipofika kwenye hilo swali akaanza kunisimulia habari za kuku wa jirani. Ningefanyaje? Nimwandike mama yangu hajiwezi mbele ya macho yake? Nikaruka swali. Nilijua utaona pako tupu, wewe si ndiye mwenye hiyo mashine?"

"Nilikuwa nimeshapajaza," alisema Sereima, akalia waziwazi, pale pale mezani, na Avinesh akainuka akafunga mlango wa ofisi ili watu wa dukani wasipande.

Alilia kama dakika mbili, akapenga kamasi, akaandika: ndiyo, amejibu Apisai, mtoto wake. Kisha akashika jina lililofuata. Avinesh naye alivuta kiti akachukua nusu ya orodha. Waliongea na wakwe, na wajukuu, na jirani mmoja aliyeapa kwamba yeye si mmbea kisha akaeleza kila kitu. Mtu mmoja alikuwa haoni kabisa likizama jua. Mwanamke aliyemshukuru Sereima asubuhi kwa kumjali alikuwa na kidonda mguuni kinachohitaji kuoshwa kila baada ya saa chache.

Saa tisa na nusu Sista Kelera alipiga na majibu ya upande wake. Katika ishirini na wawili, sita walihitaji kitanda. Ukijumlisha na wale watano wa mwanzo, walikuwa kumi na mmoja, na vitanda ni vinane.

"Nani wa kwanza?" aliuliza Sereima. Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa wake.

"Usiniambie nani ni ndugu wa nani," Sista Kelera alisema. "Nisomee hali zao tu."

Akamsomea, bila majina, na sauti yake haikutikisika hata alipofika kwa mwanamke wa miaka sitini na minne asiyeweza kulala chali. Sista alimkatiza.

"Huyo wa pili. Baada ya yule wa mtungi wa oksijeni. Huyo ukimweka sitahani usiku kucha na upepo huu wa sasa, wataniletea barua ya msiba. Endelea."

Shangazi alipata kitanda cha pili. Watatu waliobaki, wenye magoti na viuno, Avinesh aliwaombea kwa nahodha magodoro kwenye ukumbi wa ndani wa meli, na nahodha alikubali baada ya kulalamika kiasi cha kulinda cheo chake. Orodha iliondoka saa kumi kasoro dakika tatu.

Alhamisi meli ilipotoka Suva kwenda Kadavu ilibeba fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, lililofungwa vizuri, la kupelekwa kwa Mzee Inoke kumwomba radhi kama inavyotakiwa. Avinesh, ambaye babu zake hawakuwa wa desturi hiyo, ndiye aliyelikumbuka na kulinunua. Sereima alibaki ofisini akiandika upya lile swali. Halikumuuliza tena mgonjwa anahitaji nini. Lilimwomba ataje mtu wa nyumbani anayeweza kuzungumza na muuguzi. Aliliweka sharti hilo mlangoni, kompyuta ikang'amua, ikampigia mistari yake myekundu, naye akaishukuru kimoyomoyo na kuanza kuifuata.

Jumamosi asubuhi alikuwa gatini kabla meli haijafunga kamba. Abiria wa sitahani walishuka kwanza, wamelowa, wanacheka, wanapiga chafya. Kisha wakaja wa ndani. Shangazi Taraivini alishuka karibu na mwisho, muuguzi wa meli kamshika mkono, na hata Sereima aliyekuwa ameambiwa kila kitu hakuwa tayari. Alikuwa amekwisha. Ile nguo yake ya kanisani, ya maua mekundu, ilimning'inia mabegani, na kwenye ngazi alisimama mara tatu akijifanya anatazama mji.

Sereima alimkimbilia, akamkumbatia kwa uangalifu.

"Nani aliwaambia mimi ni mgonjwa?" shangazi aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Mimi ndiye niliyeandika, shangazi."

"Nilikwambia hapana."

"Uliniambia."

"Kwa kinywa changu."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

Shangazi alimtazama, akivuta pumzi fupi fupi, na Sereima akasubiri kugombezwa. Lakini yule mama akageuka, akatafuta benchi, akaketi juu yake pole pole kama anayeweka mayai.

"Kitanda kilikuwa kizuri," alisema. "Yule muuguzi kaniwekea mito bila kuniuliza. Nimelala, Seri. Nimelala kama nilivyokuwa nalala zamani." Midomo ilimcheza kidogo, akaituliza.

Gari la hospitali lilikuwa linapiga honi mlangoni mwa gati. Sereima akainama kuchukua kikapu.

"Twende, shangazi, wanatusubiri."

"Watasubiri. Wewe umekula?"

"Nimekula," alisema Sereima, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana mchana.

Shangazi Taraivini hakulisikiliza jibu hilo hata kidogo. Alikuwa ameshakivuta kikapu magotini, anafungua jani la mgomba, anamega muhogo uliopikwa kwa tui na kipande cha samaki.

"Kaa hapa," alisema.

Sereima akakaa, akala.